Mwamba Unashika

Maji ya kisima cha mama yao yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, na mama mwenyewe alijivunia rangi hiyo. Mgeni akikunja uso mbele ya bilauri, mama alimwambia, "Kunywa, baba. Hayo ni maji yenye mwili, si kama yale ya bomba yasiyo na kichwa wala miguu." Akiona mtu bado anasitasita, alitoa neno la mwisho, lile ambalo mtaa mzima haukulibishia: "Yamepimwa. Binti yangu ndiye anayeyapima."

Binti mwenyewe ndiye huyu. Kule maabara walimwita Matone, jina la utani alilolipata mwaka wake wa kwanza wa kazi, kwa sababu aliweza kukaa kitako mbele ya bomba la kioo kutwa nzima akitazama maji yakidondoka upande wa chini. Wengine hutazama mpira, wengine hutazama majirani. Yeye alitazama tone, akaandika, akasubiri jingine. Hakuolewa, na shangazi zake walisema wazi kwamba ni matone yaliyommaliza.

Nyuma ya mtaa wao palikuwa na kilima cha mwamba, na ndani ya kilima shimo kubwa lililojazwa mchanga wa mgodi, ule unaobaki baada ya mawe kusagwa na madini kuchukuliwa. Mchanga huo ulikuwa na mionzi. Mgodi ulishafungwa, waliotajirika walishaenda zao, mchanga ukabaki na wenyeji. Ikawekwa ofisi ya kuulinda, na maabara ndogo getini, na watu wa mtaani walikuwa na swali moja tu: hiyo sumu haitashuka na maji ya chini ya ardhi, ipite kwenye nyufa za mwamba, ije visimani kwetu?

Matone ndiye aliyewajibu. Alisaga mwamba wa kilima kile kile, akaujaza kwenye bomba la kioo, akamimina juu yake maji yaliyotiwa sumu kidogo, akakaa chini yake kusubiri. Maji yalitoka, sumu haikutoka. Ilinata kwenye mawe humo ndani, haikwenda popote. Akarudia mpaka wenzake wakachoka kumwona. Kisha akasimama mbele ya watu, msichana aliyezaliwa nyumba ya kwanza chini ya kilima, akasema, "Mwamba unashika." Basi. Watu wakarudi majumbani wakalala usingizi wao.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, ambaye mji mzima ulimwita Mboji. Shule ilimkataa, au yeye ndiye aliyeikataa, inategemea unamuuliza nani. Lakini mpe mche uliokata tamaa, umwachie wiki chache, urudi uone. Ofisi ilipotaka kukipendezesha kile kilima, watu waache kulalamikia vumbi na ule upara, Matone alimsemea mdogo wake kwa wakubwa na akapewa kazi. Jamani, yule kijana alifanya kazi! Alipandisha majani yaliyooza, samadi, maranda ya mbao, mkokoteni baada ya mkokoteni, akatandaza juu ya shimo lile mpaka udongo ukawa mweusi, laini, ukiukanyaga unabonyea. Miti ikashika. Ndege ambao mama alikuwa amesahau sauti zao wakarudi. Watu walimwona Mboji, na hii si chuku, akichota udongo ule kiganjani, akaunusa huku amefumba macho.

"Dada," alimwambia siku moja wakiwa wamekaa kule juu, "wewe umewapa usingizi, mimi nimewapa kivuli. Mama ana bahati, eti?"

"Mama ana bahati," Matone alisema, na alikuwa akimaanisha.

Haikupita miaka mingi maji ya kisima yakaanza kugeuka rangi. Mwanzoni kama maji yaliyooshewa majani, baadaye chai kabisa. Watu wakauliza, ofisi ikapima, ofisi ikajibu: salama. Mama akasema ni utamu wa miti ya mwanawe unashuka chini, na kwa bahati mbaya kabisa, mama alikuwa amesema kweli.

Sasa hapa ndipo penye kisa chenyewe. Maabara ile ilikuwa na sheria moja ambayo hata mfagiaji aliijua: maji machafu hayaingii kwenye mashine. Mashine ya kupimia ilikuwa moja tu, ina kimrija chembamba, ikiziba fundi wake anatoka nchi nyingine na hana haraka. Mkuu wa maabara, mzee nadhifu mwenye suti mbili za kijivu, aliitunza mashine hiyo kuliko alivyotunza meno yake, na meno yake aliyatunza sana. Kwa hiyo maji yote yalichujwa kwanza. Ya kilimani yalichujwa, ya visimani yalichujwa, hata yale ya kumimina kwenye mabomba ya kioo yenye mawe. Yakija ya kahawia yanapitishwa kwenye karatasi laini yenye tabaka la makaa, mara moja, mara mbili, mpaka yang'ae. Ile kahawia inabaki kwenye karatasi, karatasi inatupwa kwenye ndoo ya taka. Utaratibu huo aliutunga Matone mwenyewe alipokuwa mgeni kazini mwenye bidii, Mkuu akaupitisha na kumsifu. Wenyewe waliufanyia utani. "Leo unapika chai?" walimwuliza akiwa ameinama na faneli yake, naye aliwajibu, "Sukari mlete wenyewe."

Kosa kama hilo mtu wa kawaida halifanyi. Mtu wa kawaida akiambiwa apime maji ya kisima, anapima maji ya kisima. Inahitaji wasomi, tena makini, tena waangalifu, kuyaosha maji kwanza ndipo wayaulize kama ni machafu.

Alikuja kujua kwa njia ya kipuuzi kabisa. Asubuhi moja chupa ilimponyoka ikamwagikia sakafuni, na sheria ilisema kikimwagika kitu lazima sakafu ikaguliwe kwa kile kidude cha mkononi kinacholia penye mionzi, ambacho wao walikiita nyenje. Akakagua. Nyenje kimya. Akawa anakirudisha mahali pake, mkono ukining'inia, akapita karibu na ndoo ya taka. Nyenje ikalia.

Akasimama. Akarudi nyuma hatua, ikanyamaza. Akasogea, ikalia tena. "Ala!" alisema peke yake. Akaishusha ndani ya ndoo, mle mlimojaa karatasi zilizokauka, nayo ikaanza kutatarika bila kupumua.

Akazimwaga karatasi zote mezani, akazipitia moja moja. Kila moja ilikuwa na neno pembeni kwa kalamu, maji yalikotoka. Za kilimani zililia kidogo. Za kisima cha shule zililia zaidi ya hizo. Zile zilizolia kuliko zote zilikuwa na mwandiko wake mwenyewe, na neno ambalo tangu mwanzo alipenda kuliandika badala ya namba ya kisima: Mama.

Akakaa chini pale pale penye maji yaliyomwagika.

Siku zilizofuata alifanya kile alichowakataza wengine. Alichota maji ya kisima cha mama, akayagawa. Nusu akayachuja kama kawaida, nusu akayaacha na chai yake. Akatia sumu sawasawa huku na huku, akayamimina kwenye mabomba mawili yenye mawe yale yale. Bomba la maji meupe likatoa maji, sumu ikabaki juu, mwamba umeshika. Bomba la maji ya kahawia likatoa maji na sumu pamoja, vimeongozana kama bibi na bwana harusi. Akayaingiza kwenye mashine vile vile yalivyo, machafu. Mashine ikasema ilichosema, kisha ikaziba.

Si uchawi. Ile rangi ya chai ni majani yaliyooza, yaliyoyeyuka yakawa vitu vidogo mno, na vitu hivyo hupenda kushikana na madini kama ile sumu. Mwamba nao hupenda kushika madini, lakini ukikuta madini yameshashikwa mkono na mwingine, unabaki unatazama tu yakipita. Kila mvua iliyonyesha kilimani ilipita kwenye mboji ya mdogo wake, ikageuka chai, ikashuka shimoni, ikaichukua sumu, ikateremka nayo nyufani hadi chini. Mdogo mtu alitengeneza gari, dada mtu akakaa kwenye kizuizi cha barabarani, na kila gari lililopita alilishusha abiria kwanza, ndipo akaandika kwamba ni tupu.

Jioni ya siku mashine ilipoziba alikwenda kwa mama. Alimkuta wifi yake, mke wa Mboji, akimwogesha mtoto uani kwa maji yale yale. Mtoto wa kike, mwenye ulimi mwepesi, kila asikiacho anakirudia; walimwita Kasuku.

"Mama, acheni haya maji," Matone alisema kabla hata ya kusalimia. "Kuanzia leo. Ya kunywa, ya kupikia, ya kuoga, yote."

"Shikamoo imekufa huko kwenu?" mama aliuliza.

"Shikamoo, mama. Maji yana sumu."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Na wiki iliyopita aliyesema salama ni nani?"

"Mimi."

"Basi kaeni mshauriane, wewe na wewe, mkikubaliana mje mniambie." Mama akacheka, wifi akacheka, na Kasuku, povu limemjaa kichwani, akaitikia, "Wewe na wewe! Wewe na wewe!"

Hakuna alichoweza kuwafanya. Alibembeleza, akafoka, akafunga ndoo kwa kifuniko, mama akafunua. Ungemlaumu yule bibi? Alikuwa ameambiwa miaka yote na mtu anayemwamini kuliko wote duniani kwamba maji ni salama. Nje, majirani walikuwa wakipanga foleni na madumu yao kama jioni zote, wakimsalimia Matone kwa heshima.

Kesho yake aliingia ofisini kwa Mkuu na karatasi zake na ile nyenje.

"Umeiziba mashine yangu," Mkuu alisema.

"Nimeiziba, mzee. Nisikilize kwanza."

Akamsikiliza. Huyu mzee hakuwa mjinga, na afadhali angekuwa. Kabla Matone hajafika nusu, alishavua miwani na kushika tama. Alipomaliza, mzee aliitazama nyenje mezani, halafu akaizima.

"Kile kisima lazima kifungwe," alisema.

Matone alipumua. "Ahsante, mzee. Nilijua utaelewa."

"Usishukuru bado. Nikienda juu nikasema tulikuwa tunachuja, unajua kitakachotokea? Vipimo vyetu vyote tangu siku ya kwanza ni takataka. Wataleta tume. Maabara itatiwa kufuli. Hakuna mwenye mamlaka ya kufunga hata bomba la choo mpaka tume imalize, na tume zetu unazijua. Watu watakunywa mpaka lini?" Akavaa miwani. "Lakini nikisema kilimani kuna mboji, na mboji imeifungua sumu, hilo ni jambo jipya, limetokea, tumeligundua, tunachukua hatua. Kisima kinafungwa keshokutwa. Magari ya maji yanakuja. Je, ni uongo?"

"Si uongo," Matone alisema. "Ila si ukweli wote."

"Utaratibu wa kuchuja aliutunga nani?"

Matone akaanza kuzikusanya karatasi zake. Mzee hakulirudia swali, na hilo ndilo lililomkata maini zaidi.

"Mboji ni mdogo wangu, mzee. Nilimleta mwenyewe."

"Najua. Na yule mtoto wake anakunywa maji hayo sasa hivi, tukiwa tunaongea. Amua, mwanangu. Mimi nitasema utakalotaka niseme."

Mnaona ujanja? Alimwachia. Mtu akikusukuma unaweza kumchukia. Huyu alimfungulia mlango na kusimama pembeni kwa adabu. Matone alimwona Kasuku na povu lake kichwani. Akapiga moyo konde, akasema, "Kifungwe kisima."

Watu waliitwa chini ya kilima. Mkuu alikuja na suti yake ya kijivu iliyo bora zaidi, akasema maneno ya kufungulia, kisha akamvisha Matone kilemba cha ukoka mbele ya halaiki: "Mtaalamu wetu, mtoto wenu, ndiye aliyegundua, na ndiye atakayewaeleza." Mboji alikuwa amesimama mbele kabisa, mikono bado ina udongo, akitabasamu kwa fahari. Alikuwa hajaambiwa lolote. Matone alikuwa na siku mbili za kumwambia na kila alipofika mlangoni kwake alikumbuka shughuli nyingine.

Alikuwa na bilauri mbili, moja ya maji meupe, moja ya kahawia. Akaeleza vizuri, kama siku zote. Maji meupe yakipita, mwamba unashika. Maji yenye mboji yakipita, mwamba haushiki. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Kisima cha mama kinafungwa, cha shule kinafungwa, magari yatachota kwenye kisima cha ofisi kilichoko nyuma ya kilima na kuwaletea kila siku.

"Kwa hiyo sumu imeletwa na mboji?" sauti ilitoka nyuma.

Sasa ndipo ulipokuwa wakati. Neno moja tu: chujio. Alilihisi limekaa ulimini. Angesema, "Na sisi tulikuwa tukiichuja kabla ya kupima." Mkuu alikuwa akiangalia kucha zake.

"Imebebwa na mboji," alisema Matone.

Watu wote wakageuka. Hawakugeuka kwa makelele, waligeuka polepole, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote wakawa wanamtazama kijana mwenye udongo mikononi. Tabasamu lilikuwa bado halijamtoka usoni, lilikuwa limesahauliwa pale. Akaitazama mikono yake, akaificha nyuma. Mama mmoja aliyekuwa na dumu akatema mate chini karibu na miguu yake, akaondoka.

Tangu siku hiyo jina la Mboji lilikuwa tusi. Wale wale waliokaa kwenye kivuli chake waliwakataza watoto kupokea kitu mkononi mwake. Hakujitetea. Alipanda kilimani na jembe na panga, akaanza kung'oa. Miti aliyoilea kama watoto aliikata, visiki akavichimbua, akawa anaukwangua ule udongo mweusi na kuushusha kwa mkokoteni ule ule aliopandishia.

Matone alimfuata huko juu, pumzi zikimpaa.

"Acha! Ukikwangua hivyo mvua itaingia moja kwa moja shimoni. Mizizi iliyobaki itaoza humo humo. Unaongeza, hupunguzi!"

"Ulisema ni mboji," alisema, bila kuinua kichwa.

"Nilisema... Sikiliza. Acha jembe unisikilize."

"Ulisema mbele ya watu, dada. Ulisema ni mboji." Akapiga jembe. "Mimi ninaitoa."

Usiku wa pili wa mvua ulikwangua kilima kuliko jembe lake. Asubuhi maji meusi yaliteremka hadi barabarani, na watu wakasema, mwoneni, bado hajatosheka.

Hapo ndipo Matone alipovunjika. Alikwenda nyumbani mchana kweupe, wakiwa wote sebuleni: mama kwenye kiti chake, wifi akipanga nguo, Mboji kwenye kigoda karibu na mlango, mahali ambapo siku hizi alipachagua ili asiguse kitu cha mtu. Kasuku alikuwa akicheza na kifuniko cha ndoo. Matone hakuketi.

"Ni mimi," alisema. "Si Mboji. Tulikuwa tunayachuja maji kabla ya kuyapima. Sumu yote ilibaki kwenye karatasi, nami nikizitupa. Miaka yote. Nilisema mwamba unashika kwa sababu nilimwaga maji niliyokwisha kuyaosha. Kama ningeyapima yalivyo, ningejua mwaka ule ule yalipogeuka rangi, na mboji ingeondolewa mapema, na msingeyanywa. Utaratibu ni wangu. Mkuu anajua. Nilinyamaza mbele ya watu."

Alitegemea kelele. Alizitamani, kusema kweli. Alikuwa amejiandaa kupigwa hata kofi. Mama alimtazama kwa muda, macho yake yakalowa.

"Njoo hapa," mama alisema. Akamshika mkono. "Moyo wako ni wa dhahabu, mwanangu. Lakini usijitwike mzigo usio wako ili kumfariji mdogo wako. Wewe? Wewe ukosee vipimo? Tangu mdogo ulikuwa unahesabu hata punje za mchele."

"Mama, ninasema kweli!"

"Ndiyo, ndiyo. Kaa."

"Wifi, wewe niamini basi." Wifi aliinamisha kichwa kwenye nguo zake kwa huruma.

Matone akamgeukia Mboji. Huyu atajua, aliwaza. Huyu ana haki ya kujua kuliko wote, na ana haja ya kuniamini. Mboji alikuwa ameinuka. Alikuja hadi karibu, akasimama pasipo kumgusa, mikono imeingizwa mifukoni.

"Ahsante, dada," alisema, na sauti yake ilikuwa laini kama zamani. "Tangu lile jambo, wewe ndiye wa kwanza kunitafutia njia. Sitasahau. Lakini niache na langu. Nimemnywesha mwanangu sumu kwa mikono hii, nikikubali kwamba kosa ni la mwingine nitakuwa mtu gani?"

"Mboji, ninakuapia..."

"Usiape uongo kwa ajili yangu." Akachukua jembe lake nje ya mlango, akarudi kilimani.

Matone alibaki amesimama katikati ya sebule. Angeweza kwenda barabarani akapiga kelele, na mtaa mzima ungesema vile vile alivyosema mama, tena kwa machozi. Walimwamini mno. Hakuna alichoweza kuwaambia sasa kikapenya imani hiyo.

"Umetoka mbali na jua hili," wifi alisema, akitaka kuondoa unyonge chumbani. "Kunywa maji, wifi. Haya ni ya gari, masafi."

"Masafi!" Kasuku akaitikia. "Masafi, masafi!"

Wifi akachota, akamletea bilauri kwa mikono miwili. Maji yalikuwa meupe, au karibu meupe. Matone aliyainua usawa wa dirisha, kama alivyozoea, na kule chini kwenye kitako cha bilauri akaona kitu kama kivuli, rangi isiyo na jina bado, ile ile ya mwaka maji ya kisima cha mama yalipoanza kugeuka. Gari lilichota nyuma ya kilima. Kilima kilikuwa kimoja. Na pale maabara hakuna kilichobadilika, kwa kuwa kubadilisha kungekuwa kukiri. Fundi alishakuja, mashine ilishazibuliwa, na maji yote bado yalichujwa kwanza.

"Haya yamepimwa?" aliuliza, ingawa alijua.

Wifi alicheka, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu kisima kufungwa. "Wifi nawe! Si unayapima wewe?"

Wote walikuwa wakimtazama, mama kwenye kiti chake, wifi na nguo zake, na yule mtoto aliyeacha kifuniko na kuja kusimama magotini pake, mdomo wazi, akisubiri shangazi amalize ndipo naye apewe. Matone akafungua mdomo kusema. Akaona jinsi mama alivyokuwa tayari, kabla hajasikia, kumhurumia.

Akayanywa yote, ili yasibaki ya mtoto.